Namna ya kuchunguza kama rangi ya mtu imemwongezea kifungo

Ukitaka kujua kama majaji wa mahakama za shirikisho za Marekani wanawafunga Weusi muda mrefu kuliko Weupe, wastani wa jumla uache kwanza. Mimi huanza na jedwali la adhabu, ambalo majaji hao hulitazama kabla ya kuhukumu. Lina ngazi 43 za uzito wa kosa na makundi 6 ya rekodi ya nyuma. Vinapokutana, unapata miezi anayoshauriwa jaji. Ngazi ya 26, kundi la kwanza, ni miezi 63 hadi 78. Tafuta washtakiwa walioangukia kisanduku kimoja, uone kila mmoja alitoka na mingapi. Tangu Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kesi ya Booker mwaka 2005, jedwali hilo halimlazimishi jaji, kwa hiyo hapo ndipo hiari yake inapoonekana.

Kisha tenganisha maswali mawili: nani alipelekwa gerezani, na kwa muda gani. Ripoti ya mwaka 2023 ya Tume ya Adhabu ya Marekani, chombo kinachotunga jedwali hilo, ilikuta vifungo vya wanaume Weusi ni virefu kwa asilimia 13.4 kuliko vya wanaume Weupe wenye kesi zinazofanana. Ukihesabu waliofungwa tu, pengo linashuka hadi asilimia 4.7. Sehemu kubwa ya dhuluma iko mlangoni: uwezekano wa Mweusi kupewa kifungo cha nje ulikuwa chini kwa asilimia 23.4.

Sasa kuna jambo linalonikera, maana wengi huliruka. Kisanduku chenyewe chaweza kuwa kimepinda. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1986 ilitaka gramu 500 za kokeini ya unga ili mtu afungwe angalau miaka mitano. Kwa kokeini ya mawe (crack), gramu 5 zilitosha, na waliohukumiwa kwa hiyo ya mawe wengi walikuwa Weusi. Ukilinganisha watu ndani ya kisanduku, pengo hilo hulioni kabisa. Mwaka 2010 uwiano ulishushwa kutoka 100 kwa 1 hadi 18 kwa 1, haukufutwa. Kwa hiyo uliza pia mwendesha mashtaka alichagua shtaka gani, maana shtaka ambalo sheria imeliwekea kiwango cha chini cha lazima cha kifungo humfunga jaji mikono kabla hajafungua faili.

Malizia kwa kusoma sababu za adhabu. Sheria inamtaka jaji azitamke mahakamani. Akisema mshtakiwa Mweupe "ana familia ya kumshika mkono" akampunguzia, tafuta mshtakiwa Mweusi aliyesimama mbele ya jaji huyohuyo akiwa na familia kama hiyo, uone kama naye alipunguziwa.