Ukikosa cha kuandika mu kaye yako

Sie wenye tunaandikaka mambo ya siku mu kaye (daftari) kila mangaribi, ile swali ya "leo nimefanya nini" ndiyo inatufungaka, juu siku mingi jibu ni kazi, nyumba, kulala. Achana nayo. Chukua kitu moja tu yenye umeona leo uifate mpaka mwisho: mwenye chukudu, ile kinga ya mbao ya kubeba mizigo, anashuka na magunia ya makala (makaa), mguu moja juu ya ubao, ingine inakanyaga mupira wa nyuma ndiyo afreine, anaita watu namna gani ili watoke njiani, uso wake uko aje. Ukurasa unajaa haraka kweli.

Ingine yenye ninapenda zaidi, uliza mama ao mzee wa kwenu alikuwa wapi tarehe 17 Januari 2002, siku lava ya Nyiragongo, ule mlima wa moto, iliingia Goma mjini, alibeba nini, alishika mkono wa nani, aliacha nini ku nyumba. Andika vile vile anasema, na Kiswahili yake, usitengeneze. Na uandike usiku ule ule, kuran (umeme) ikikatika washa torshi ya simu, juu asubuhi ile maneno tamu inakuwaka imeshatoka kichwani.