Unataka njia ya baiskeli yenye mandhari ya kweli? Cheki miti inaishia wapi

Wazee wa baiskeli za milimani mlioko Colorado, Marekani, au mnaopanga kwenda, msichague njia kwa kuangalia nyota ambazo watu wameipa mtandaoni tu, maana unaweza kukuta ina nyota 5 kumbe mwanzo mwisho uko ndani ya misonobari, unachokiona ni mgongo wa mwenzako tu. Fungua ramani, weka picha ya satelaiti, angalia kijani kinakatikia wapi. Kule miti inaishia kwenye mita 3,500 hivi, juu ya hapo ni majani mafupi na mawe, unaona mpaka basi. Sasa tafuta njia inayotambaa kwenye mgongo wa mlima huko huko juu, sio ile inayogusa kilele fasta halafu inarudi porini.

Mfano mzuri ni njia ya Monarch Crest, unaanzia kwenye barabara ya juu mlimani inayoitwa Monarch Pass ambako tayari uko karibu mita 3,450, na kuna magari (shuttle) ya kukupandisha wewe na baiskeli kutoka mji wa Poncha Springs, kwa hiyo miguu unaitunzia huko juu (hewa ni nyepesi, usijifanye simba).

Kitu kingine, eneo likiandikwa Wilderness (pori linalolindwa kisheria) kwenye ramani, baiskeli hairuhusiwi hata kama njia inaonekana tamu kiasi gani. Na muda mzuri ni Julai hadi Septemba, kabla ya hapo theluji bado ipo, ila anza asubuhi mapema sana maana radi za mchana kule hazina utani na huko juu uko wazi kabisa.