Somo: Spika za gari la porini zikae wapi (soma kabla hujanunua amplifaya)

Wakuu, ujumbe ninaoupata ni uleule: "4x4 yangu haina besi, nichukue amplifaya gani?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Naandika mara hii moja, na atakayeuliza tena nitamrudisha hapa. Mara nyingi nguvu ipo ya kutosha. Kilichokosewa ni mahali spika ilipofungwa.

1. Kaa kwenye kiti chako kama unavyokaa ukiendesha, uangalie masikio yako na ya abiria yako wapi. Spika inafuata masikio. Haifuati tundu lililo rahisi kukata.

2. Anza na za mbele. Za nyuma ni za kusaidia tu, na sauti yake iwe chini kidogo.

3. Sauti nyembamba hukimbia kwa mstari kama mwanga wa tochi. Tuita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ikilitazama goti lako, basi goti ndilo litakalosikia muziki. Ipandishe kwenye dashibodi au karibu na nguzo ya kioo cha mbele, ila usitoboe nguzo kabla ya kujua kama ndani kuna mfuko wa hewa wa ajali. Spika kubwa ya mbele mimi napenda ikae chini kabisa, ubavuni mwa miguu, kwa sababu pale umbali wa kushoto na wa kulia hadi kichwani unakaribiana. Sauti husafiri kama sentimita 34 kwa milisekunde 1, na sikio huiamini spika iliyotangulia kufika. Ndiyo maana spika ya mlango wa dereva huivuta sauti yote ya mwimbaji upande wa dereva. Sabufa, yaani spika ya besi nzito, haina makuu, hata chini ya kiti inakaa.

4. Kabla ya kukata mlango, shusha kioo hadi mwisho ndipo upime kina cha sumaku ya spika, isije ikagusa kioo.

5. Ziba nyuma ya spika. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo msome polepole. Nilifunga spika za inchi 6 na nusu kwenye paneli nyembamba ya plastiki. Tundu lilikuwa kubwa kuliko spika, pembeni pakabaki nafasi ya kupitisha kidole. Besi hakuna. Nikanunua amplifaya. Kelele ikaongezeka, besi hakuna vilevile, na paneli ikaanza kulia kama bati. Nilikuwa naangalia sabufa za kununua nilipogundua kosa. Koni, ile sehemu ya spika inayotikisika, inaposukuma hewa mbele, nyuma yake inavuta. Hewa ikipata upenyo pembeni inazunguka kwenda kujaza nyuma, na besi inajiua yenyewe kabla haijakufikia. Nilitengeneza ringi ngumu, nikaikaza kwenye chuma, nikaweka sponji kati ya ringi na spika. Besi ikarudi siku hiyohiyo, bila amplifaya.

Onyo: ringi ya MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) ikinywa maji hata mara moja, inavimba na kuachia skrubu. Yangu ya kwanza ilifanya hivyo. Tumia plastiki nene. Onyo la pili: silikoni yenye harufu ya siki hula shaba na chuma, isikaribie nyaya. La tatu: ile karatasi ya nailoni ndani ya mlango usiitupe. Maji hupita ndani ya mlango kila mvua inaponyesha, na karatasi hiyo ndiyo inayoyazuia yasiingie kwako.

6. Hakikisha chanya imeingia kwenye chanya kwa spika zote. Moja ikigeuzwa, ya kushoto inasukuma wakati ya kulia inavuta, na besi inapotea tena. Kama nyaya hazina alama, gusisha betri ya tochi ya volti 1.5 kwa sekunde moja: koni ikitoka nje, waya ulio kwenye chanya ya betri ndio chanya. Tuita usizipime hivi.

7. Fyuzi ya amplifaya ikae karibu na betri.

Maswali

Tairi Pana: Somo zuri mkuu. Sasa gari langu halina besi, amplifaya ya wati ngapi inafaa?

Jibu: Hatua ya 5.

Tairi Pana: Nimesoma juujuu tu, niko kazini.

Jibu: Ukitoka kazini uisome.

Vumbi Jekundu: Gari langu ni la wazi. Likisimama muziki mzuri, nikikimbia besi inayeyuka. Ni ule upenyo wa pembeni ya spika wa hatua ya 5?

Jibu: Swali zuri, na jibu si hilo. Ndani ya gari lililofungwa, besi nzito huongezeka yenyewe kwa kuwa hewa imebanwa. La wazi halina msaada huo. Halafu upepo na matairi huunguruma kwenye besi ileile, kwa hiyo inafunikwa. Usikimbilie wati: kuongeza nguvu maradufu kunakupa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu. Ukipunguza umbali wa spika hadi sikioni kwa nusu, mahali pa wazi unapata kama 6, sawa na kuzidisha nguvu mara nne. Isogeze karibu kwanza.

Kamba Ngumu: Zangu zote nne ziko kwenye mabomba ya juu nyuma ya kichwa, na zinapiga vizuri sana. Unasema nimekosea?

Jibu: Sijasema umekosea. Nimesema muziki utoke mbele. Kwa abiria wa nyuma pale ni pazuri. Kama wewe umeridhika, endelea.

Vumbi Jekundu: Na zenye alama ya IP67 naweza kuzifunga chini nikivuka mito?

Jibu: IP67 maana yake vumbi haliingii, na inavumilia kuzama mita 1 kwa dakika 30. Hiyo ni maji matulivu, si mto unaosukuma. Bado mimi hufunga juu ya kina ninachovuka. Waya wa spika uache ushuke chini kidogo kisha upande, matone yaishie pale kwenye kona badala ya kuingia kwenye spika.

Msafiri wa Usiku: Nyongeza: barabara za mawimbi hulegeza kila kitu. Tumia nati zenye plastiki ndani. Na dira msiiweke dashibodini karibu na sumaku ya spika, yangu ilikuwa inanipoteza.

Jibu: Hiyo ya dira sikuwa nimeiwaza kabisa. Ilikuwa umbali gani?

Msafiri wa Usiku: Kama kiganja kimoja. Nilipoihamishia kioo cha juu ikatulia.