Namna ya Kuandaa Juisi Laini ya Parachichi Nyumbani

Wengi wanaopata juisi ya parachichi yenye mabonge huilaumu blenda, ilhali tatizo huwa limeanzia sokoni au katika utaratibu wa kumimina. Blenda ya kawaida kabisa hutoa juisi laini iwapo tunda limeiva sawasawa na maziwa au maji hayakumiminwa yote kwa mkupuo mmoja.

Katika masoko ya Arusha, iwe Kilombero au Tengeru, muuzaji mzoefu hukuuliza kwanza kama unataka parachichi la leo au la kesho. Swali hilo si la kupuuzwa, kwa sababu parachichi haliivi likiwa mtini. Hukomaa tu, kisha huanza kulainika baada ya kuchumwa. Anayetaka la leo achague linalobonyea kidogo linaposhikwa kwa kiganja kizima, si kwa kuchomekwa kidole gumba, maana kidole huacha doa jeusi ndani ya nyama na muuzaji ana kila sababu ya kununa. Rangi ya ganda husaidia kwa aina ya Hass, ambayo hutoka kijani ikawa zambarau iliyokolea hadi kukaribia weusi, lakini Fuerte hubaki kijani hata likiiva, na anayelisubiri libadilike atalisubiri mpaka lioze. Yale makubwa ya kienyeji kwa kawaida yana maji mengi zaidi na mafuta machache kuliko Hass, na baadhi yana nyuzi. Hayo nayo yanafaa kwa juisi, mradi upunguze maziwa na usione uvivu wa kuchuja.

Ikiwa umenunua la kesho, lifunge ndani ya gazeti au mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu, kwa kuwa ndizi hutoa gesi ya ethilini inayoharakisha uivaji. Katika baridi ya Juni na Julai mjini hapa kazi hiyo huchukua siku kadhaa zaidi, hivyo nunua mapema na usiliweke kwenye friji kabla halijaiva. Kulichemsha au kulipasha moto ili lilainike hakufai, kwani joto hulitia uchungu ambao sukari haiuondoi.

Kwa glasi nne utahitaji maparachichi mawili ya Hass ya ukubwa wa wastani, ambayo hutoa takriban gramu 300 za nyama, pamoja na mililita 600 za maziwa yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha maji ya ndimu, na sukari vijiko vikubwa vitatu. Sukari iyeyushe kwanza katika maji moto kidogo, uiache shira hiyo ipoe kabisa, kwa sababu punje za sukari huyeyuka kwa shida ndani ya kitu kizito na baridi, na ukishazihisi ulimini utadhani ni parachichi ambalo halikusagika.

Osha ganda kabla ya kukata ili kisu kisiingize uchafu ndani, pasua kwa urefu kuzunguka kokwa, zungusha vipande viwili vitengane, kisha utoe kokwa kwa kijiko. Sehemu zenye weusi au nyuzi ziondoe bila huruma.

Hatua inayofuata ndiyo inayoamua ulaini. Mimina kwanza mililita 200 tu za maziwa katika jagi la blenda, ndipo uweke nyama ya parachichi, shira na ndimu. Maziwa yakiwa chini, visu hupata cha kuzungusha tangu mwanzo. Yakiwa machache, vipande hukosa pa kukimbilia na husagwa vyote, tofauti na pale maziwa yanapojaa, ambapo vipande huelea na kuvikwepa visu. Saga kwa sekunde 30, zima, chomoa waya, kwangua kingo za jagi kwa mwiko, kisha urudie. Chukua kidogo ukipake mgongoni mwa kijiko na ukiinamishe mwangani: ukiona utando mmoja unaong'aa bila chembe, rojo liko tayari, ukiona chembe, saga tena. Hapo ndipo unapoongeza maziwa yaliyobaki kidogo kidogo huku blenda ikizunguka, na kuizima mara yanapochanganyika, kwa kuwa kuendelea kusaga huingiza hewa na kuleta povu lisilo na faida.

Umeme ukikatika, ponda nyama kwa uma na uipitishe kwenye chujio la waya kwa kuisugua na mgongo wa kijiko, kisha uikoroge na maziwa taratibu. Huchosha mkono, lakini matokeo yake hayana kasoro.

Wapenzi wa pasheni watumie maji safi badala ya maziwa, kwani tindikali ya pasheni hukatisha maziwa. Mbegu zake zichujwe kabla, zisisagwe, la sivyo juisi itajaa vidoa vyeusi. Tangawizi nayo ikunwe na kukamuliwa, itumike maji yake tu.

Juisi hii inywewe mara moja ikiwezekana, kwa maana hewa hulifanya parachichi kuwa kahawia, na ndimu huchelewesha tu hali hiyo. Kuacha kokwa ndani ya jagi, kama wengi wanavyoshauri, hakuizuii. Ukilazimika kuihifadhi, ijaze kwenye chupa hadi mdomoni, ifunike, iweke kwenye friji na uimalize ndani ya siku moja. Wakati parachichi limejaa sokoni na bei imeshuka, ni afadhali kuponda nyama na ndimu, kuigandisha katika vipande vidogo, na kuisaga na maziwa ikiwa bado barafu.