Ransack siyo kuiba tu: namna ya kulitumia na kulitafsiri bila kupotosha

Kama kazi yako inakulazimisha kuandika Kiingereza, au unafanya kazi ya tafsiri kama mimi, hili neno ransack litakufikia tu. Ukifungua kamusi unakuta pora, teka nyara, basi unaweka pora unaendelea zako. Naomba usikimbilie hapo, maana ndani ya hilo neno kuna vitu viwili, kupekua na kuchukua, na kupekua ndo kunabeba uzito.

Nianze na kilichompata dada yangu. Alivunjiwa chumba akaenda kuandika barua ya madai kwa Kiingereza, akasema wezi "ransacked my laptop and my gas cylinder". Kichwani mwake alikuwa na "wamepora laptop na mtungi wa gesi", na kwa Kiswahili iko sawa kabisa, mtu anaporwa simu, anaporwa pochi, hakuna shida. Wale waliopokea barua wakamjibu alete hiyo laptop ikaguliwe kama kuna mafaili yamechezewa! Yaani walielewa wezi wameifungua wakachakurachakura vilivyomo halafu wakaiacha pale pale, na kuhusu mtungi hawakuelewa chochote. Barua ikaenda ikarudi, siku zikapotea, na yeye wakati huo anapikia kwa jirani.

Kwa hiyo shika hili kabla ya yote: baada ya ransack weka mahali au chombo chenye vitu ndani. Nyumba, ofisi, kabati, droo, begi, mji mzima. Kile kilichoondoka kitafutie steal au take. Kujipima ni rahisi, jiulize hiki kitu naweza kuingiza mkono nikapekua? Droo ndiyo, mtungi wa gesi hapana. Na mara nyingi utalikuta kwenye hali ya kutendwa, "the house was ransacked", kwa sababu mwenye nyumba anakuta kazi imeshafanyika na waliofanya hawapo.

Asili yake inasaidia sana kukumbuka. Neno limetoka kwa lugha ya zamani ya watu wa Skandinavia, rannsaka, ambapo rann ni nyumba na hicho kipande cha pili kina ukoo na kutafuta. Sheria za kale za Iceland zilikuwa na utaratibu wa kupekua nyumba ya mtu kutafuta mali iliyoibiwa, kwa hiyo huko mwanzo anayepekua ni aliyeibiwa, siyo mwizi! Na mpaka leo kwa Kiaislandi rannsókn ni utafiti au uchunguzi, neno la heshima kabisa. Hapo ndo nikaelewa kwa nini Waingereza wanaweza kuransaki nyaraka za maktaba na hakuna anayeita polisi.

Sisi tunalo pekua, na mi nalipenda kuliko pora kwa kazi hii. Mwangalie kuku anavyopekua jalalani, anarusha taka huku na huku kwa miguu, anarudi nyuma hatua moja anaangalia, halafu anapekua tena, akiondoka pale pamevurugika hata kama kapata punje moja tu. Ndo picha yenyewe. Ila pekua peke yake haitoshi kila mara, kwa sababu polisi wenye hati nao wanapekua, kwa hiyo ongezea uharibifu: "walipekua nyumba nzima wakaiacha shaghalabaghala", "walipindua kila kitu". Kama na vitu vimeondoka, sema wazi, "wakapekua na kukomba kila cha thamani".

Chukua mfano wa kwetu. Mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliingia Kilwa, halafu Mombasa. Habari iliyobaki kutoka msafara ule inaeleza askari waliruhusiwa kuupora mji, wakawa wanaingia nyumba kwa nyumba kutafuta mali, milango inavunjwa kwa mashoka na vyuma, na mzigo unabebwa kwenda melini. Vitabu vya Kiingereza hapo vitaandika sacked, plundered, ransacked, wakati mwingine yote kwenye ukurasa mmoja, na ukiweka pora mara tatu umeua habari. Sacked ni mji kutekwa na kuporwa wote, plundered ni mali kutekwa nyara, ransacked ni yule askari ndani ya chumba cha mtu anafungua makasha. (Hiyo sack ya mji inatokana na gunia, la kubebea mzigo, lakini ya kwenye ransack siyo gunia, usichanganye.)

Sasa kwa mafumbo. Mtu akisema "I ransacked my memory" usithubutu kuandika nilipora kumbukumbu zangu, nimeshaikuta hiyo kwenye tafsiri na iliniuma. Andika nilipekuapekua kichwani, au nilijaribu kufukua kumbukumbu zote. Akiransaki kabati kutafuta kiatu, ni alipindua kabati. Akiransaki magazeti ya zamani kutafuta habari ya babu yake, ni aliyachambua au aliyafukua, na hapo hakuna ubaya wowote.

Plunder na loot kwenye mafumbo zinaelekea kwingine, kwenye kufaidi na kukomba. Loot limetoka Kihindi, Waingereza wakalibeba huko India, na leo wanalitumia kwa fedha ya umma iliyoliwa, ambapo kwetu ni kukwapua au kula hela za wananchi, na kwenye gemu ni vitu unavyookota baada ya kumshinda adui.

Barua ya dada tuliiandika upya, mistari miwili tu: "My room was ransacked. The thieves stole my laptop and my gas cylinder." Chumba kikapata kitenzi chake, vitu vikapata chao, na safari hii hawakumwambia tena alete laptop ikaguliwe.