Somo: Tofali jepesi la karatasi chakavu

Kama una haraka ya kuhamia kabla ya mvua za Desemba, somo hili si lako. Tofali la karatasi linataka wiki tatu hadi nne za kukauka. Mwenye subira atafaidi: tofali la mchanga na saruji la inchi 6, lisilo na matundu, lina kilo kama 30; hili ni karibu nusu yake, linakatika kwa msumeno, na hewa iliyonaswa ndani yake inapunguza joto la saa nane mchana.

Lakini tuelewane mapema. Ni la kujazia ukuta au kugawa vyumba. Paa libebwe na nguzo za zege na lenta, yaani mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha.

1. Karatasi. Chukua maboksi, magazeti, trei za mayai, karatasi za ofisini. Zilizokwisha kupita kwenye mashine ya kukatia nyaraka ndizo bora, umeshapunguziwa kazi, na tangu Serikali ihamie hapa Dodoma hazikosekani. Achana na karatasi za kung'aa na zenye nailoni, hazilainiki.

2. Kuloweka na kuponda. Chanachana, loweka kwenye pipa siku 2 au 3, kisha twanga kwenye kinu hadi usione tena kipande chenye maandishi.

3. Kukamua. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Weka rojo kwenye kiroba, kandamiza. Chukua kiasi cha kujaa kiganja, fumbata: likitoa matone machache na kubaki bonge, limefika. Likichuruzika, rudia. Maji yakizidi, tofali linasinyaa na kupinda, na saruji inapungua nguvu. Maji uliyokamua yarudishe kwenye pipa kulowekea mzigo mwingine. Kwa bei ya dumu kiangazi, kuyamwaga ni dhambi.

4. Kuchanganya. Ndoo 3 za rojo, 1 ya saruji, 1 ya mchanga. Saruji na mchanga vichanganywe vikavu kwanza, ndipo rojo liingie. Usiongeze maji. Ukizidisha mchanga unapata ugumu lakini unapoteza wepesi, na wepesi ndio tulioufuata.

5. Kufyatua. Paka kalibu oili chafu kidogo, jaza, shindilia pembe kwa ncha ya mti, vua. Yaache kivulini chini ya turubai siku kadhaa, maana upepo wa Dodoma unakausha ngozi ya tofali huku tumbo bado bichi. Yakishikika bila kubonyea, yasimamishe kwa ubavu juani.

6. Kujenga. Msingi wa mawe, kozi (mistari) mbili tatu za tofali la kawaida, nailoni ya kuzuia unyevu, ndipo haya yaanze. Piga plasta ndani na nje, paa litokeze vya kutosha. Likinyeshewa bila plasta linafyonza maji na kulegea.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Huku Kongwa mchwa wanakula hadi fremu za milango. Hawatakula ukuta?*

Marahaba. Saruji inawakera, haiwazuii kabisa. Ndiyo maana nimesema mawe na kozi za kawaida chini. Kagua msingi mara kwa mara, ukiona njia zao za udongo zinapanda, zibomoe na utie dawa.

*Karatasi si itashika moto, kaka?*

Haliwaki kwa mwali kama boksi, ila linaweza kufukuta ndani kwa ndani. Plasta pande zote, na ukuta wa jikoni unaopakana na mafiga ujenge kwa tofali la kawaida.

*Fundi, nataka kuweka slabu ya ghorofa juu yake.*

Hapana. Hata ukiongeza saruji, hapana.

*Niko Singida, kwenye mashine za alizeti maganda yamejaa. Naweza kuyatumia badala ya karatasi?*

Yanafaa, ila mabichi yana mafuta na sukari vinavyochelewesha saruji kushika. Yaloweke siku nzima kwenye maji ya chokaa, suuza, anika. Kabla ya kununua saruji ya mzigo mzima, changanya kopo moja, lifunike lisikauke upesi, na kesho yake chokoza kwa msumari. Ukizama kama kwenye udongo, rudi kwenye chokaa.