Jinsi ya Kuwapanga Makwotabeki wa Enzi Tofauti

Mabishano kuhusu kwotabeki bora wa futiboli ya Kimarekani huharibika mapema kwa sababu kila mbishani hujibu swali lake mwenyewe. Mmoja humtaja Tom Brady na ubingwa wake mara saba, wa pili hujibu kwa mkono wa Dan Marino, na wa tatu humrudisha Johnny Unitas kutoka miaka ya 1950. Wote watatu wanaweza kuwa sahihi, kwa kuwa wa kwanza anapima mafanikio, wa pili anapima kipaji na wa tatu anapima jinsi mtu alivyougeuza mchezo wenyewe. Kabla ya kutaja jina lolote, basi, kubalianeni ni nini kinachopimwa: msimu mmoja, maisha yote ya uchezaji, au mtu ambaye mngemkabidhi mpira katika fainali moja. Mimi hapa nitashughulika zaidi na maisha yote ya uchezaji, maana ndiyo yanayoleta ugomvi mkubwa.

Kwa msomaji anayekutana na mchezo huu mara moja tu kwa mwaka, usiku ule ambapo Super Bowl, fainali ya ligi ya NFL, huanza saa nane na nusu kwa saa za Afrika Mashariki, inatosha kujua kwamba kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa karibu kila shambulizi na kuamua aurushe, amkabidhi mwenzake au akimbie nao. Pasi yake ikidakwa na mwenzake ndani ya eneo la mwisho la wapinzani ni tachidauni, yenye pointi sita. Ikidakwa na mpinzani, imenaswa, na timu imepoteza mpira.

Ukishajua swali, jifunze kalenda. Jumla za msimu mzima hazilinganishiki moja kwa moja, kwa kuwa ligi ya NFL ilicheza mechi 12 kwa msimu katika miaka ya 1950, ikafika 14 mwaka 1961, 16 mwaka 1978 na 17 mwaka 2021. Unitas alipiga pasi 32 za tachidauni mwaka 1959, idadi ambayo leo haimshangazi mtu, lakini alizipiga katika mechi 12. Kugawanya kwa idadi ya mechi ni kazi ya dakika moja, na inashangaza jinsi wabishani wengi wasivyojisumbua kuifanya.

Hata hivyo mgawanyo huo hautoshi, kwa sababu sheria nazo zilibadilika, na hapa ndipo panapohitaji subira. Mwaka 1978 ligi iliwakataza walinzi kumgusa mpokeaji, yaani mchezaji anayekimbia ili kudaka pasi, baada ya yadi tano za kwanza, na wakati huohuo ikawaruhusu wachezaji wa mstari wa mbele wanaomkinga kwotabeki kunyoosha mikono na kutumia viganja wazi. Kabla ya hapo mpokeaji aliweza kusukumwa hata mbali zaidi ya hapo, na kwotabeki alikuwa na muda mfupi wa kumtafuta. Mwaka 2004 waamuzi waliagizwa kuisimamia sheria ya mguso kwa ukali zaidi, na mwaka 2009, baada ya Brady kuumizwa goti katika mechi ya kwanza ya msimu wa 2008, kinga ya miguu ya kwotabeki ikaimarishwa. Kila hatua ilirahisisha pasi. Kwa hiyo anayemlinganisha mtu wa 1970 na mtu wa 2020 kwa yadi tupu, yaani umbali wa pasi zake, ni kama anayelinganisha mbio za kwenye mchanga na mbio za kwenye lami.

Njia ninayoipendekeza ni kumlinganisha kila mmoja kwanza na wenzake wa mwaka uleule, kisha kulinganisha ule umbali aliowaacha. Chukua mwaka 1984. Marino alipiga pasi 48 za tachidauni wakati rekodi ya awali ilikuwa 36, na aliyemfuata mwaka huo, Dave Krieg, alikuwa na 32. Marino, basi, alimzidi wa pili kwa nusu nzima. Mwaka 2013 Peyton Manning alipiga 55, ambayo hadi sasa ndiyo rekodi, na wa pili wake, Drew Brees, akapiga 39; hiyo ni zaidi ya wa pili kwa takriban asilimia 41. Mwaka 2018 Patrick Mahomes alipiga 50 dhidi ya 39 za Andrew Luck, yaani asilimia 28 zaidi. Rekodi ni ya Manning, lakini aliyejitenga zaidi na kizazi chake ni Marino. Ukiingia katika yadi utaona jambo hilohilo: mwaka 2011 Brees, Brady na Matthew Stafford walivuka yadi 5,000 wote watatu katika msimu mmoja, ilhali Marino alipozifikia 5,084 mwaka 1984 hakuna aliyewahi kufika huko kabla yake.

Njia hii humwokoa pia Joe Namath, ambaye jumla zake humwaibisha: pasi 173 za tachidauni na 220 zilizonaswa. Kijana anayesoma takwimu hizo leo huuliza aliingiaje katika Ukumbi wa Heshima kule Canton, Ohio. Mjibu kwa mwaka 1967, ambapo Namath alirusha yadi 4,007 katika mechi 14, akiwa mtu wa kwanza kuvuka 4,000, na hakuna aliyemfuata hadi Dan Fouts mwaka 1979, naye Fouts alikuwa na mechi 16 na sheria mpya za 1978. Hilo halimfanyi Namath kuwa bora kuliko Fouts, na mimi simwoni hivyo; linaonyesha tu kwamba shutuma ya takwimu mbaya inahitaji kutajiwa mwaka.

Tahadhari ni kwamba wenzake wa mwaka uleule nao wanaweza kuwa wamepungua. Sid Luckman wa Chicago Bears alipiga pasi 28 za tachidauni katika mechi kumi mwaka 1943, kiwango kinachokaribia kile cha Marino kwa kila mechi. Lakini wanaume wengi walikuwa vitani, klabu za Pittsburgh na Philadelphia zilikuwa zimeunganishwa kwa muda ili zipate wachezaji wa kutosha, na ligi haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja. Mwaka huohuo Sammy Baugh wa Washington aliongoza ligi kwa pasi, kwa mipira aliyoipiga mbali kwa mguu, na kwa pasi za wapinzani alizozinasa akiwa mlinzi. Hakuna kwotabeki wa leo anayeweza kufanya hivyo, si kwa sababu ya udhaifu bali kwa sababu haruhusiwi na kocha yeyote mwenye akili kucheza pande zote mbili. Mpe Baugh sifa ya upana wake, lakini punguza kidogo kwa ajili ya vita.

Kuhusu kile kipimo rasmi cha warushaji, kilichoanza kutumika mwaka 1973 na ambacho kilele chake ni 158.3, kitumie ndani ya kizazi kimoja tu. Waliokitunga walikipima kwa takwimu za miaka iliyotangulia, ili kwotabeki wa kawaida apate takriban 66.7, ilhali leo wa kawaida hufika karibu 90. Unitas aliyemaliza na 78.2 huonekana dhaifu kwa macho ya leo, jambo ambalo ni upuuzi. Zaidi ya hayo kipimo hakihesabu mara ambazo kwotabeki ameangushwa na mpira mkononi, wala mbio zake, na mtu akiutupa mpira chini kila mara bila kumfikia yeyote bado hupata 39.6.

Sasa vikombe, ambavyo ndivyo silaha ya kwanza ya mbishani mvivu. Trent Dilfer alishinda Super Bowl na Baltimore Ravens katika msimu wa 2000, kisha klabu hiyohiyo ikamwacha; Marino alifika fainali moja tu, akapigwa 38 kwa 16 na San Francisco ya Joe Montana. Hakuna mtu makini anayemweka Dilfer juu ya Marino. Lakini kuvitupa vikombe vyote nako ni kosa, maana mtu anayeshinda tena na tena, na makocha au wachezaji tofauti, anaonyesha kitu ambacho takwimu za pasi hazikishiki. Brady alishinda mara sita akiwa New England na mara moja Tampa Bay, ile ya mwisho akiwa na miaka 43. Alishinda pia baada ya ukomo wa mishahara kuanza mwaka 1994, unaozizuia klabu kurundika nyota, na katika ligi ya timu 31, kisha 32. Bart Starr alipata ubingwa mara tano na Green Bay katika miaka ya 1960, chini ya kocha mmoja na katika ligi ndogo zaidi. Kwa hiyo unapohesabu kikombe, uliza timu zilikuwa ngapi na ilibidi kushinda mechi ngapi za mtoano.

Kuna pia jambo ambalo hesabu haiwezi kulirekebisha, nalo ni la makwotabeki weusi waliofungiwa mlango. Marlin Briscoe alianza kama kwotabeki wa Denver mwaka 1968, akapiga pasi 14 za tachidauni, kisha hakupewa nafasi hiyo tena, akalazimika kuwa mpokeaji mahali pengine. Warren Moon hakuchaguliwa na klabu yoyote ya NFL mwaka 1978; alikwenda Edmonton nchini Kanada, akatwaa Kombe la Grey, yaani ubingwa wa ligi ya Kanada, mara tano, ndipo Houston ilipomchukua. Doug Williams alikuwa kwotabeki mweusi wa kwanza kushinda Super Bowl, mwezi wa Januari 1988, baada ya kupiga pasi nne za tachidauni katika robo ya pili. Unapompanga Moon, ihesabu ile misimu sita ya Kanada kama misimu iliyochezwa. Usimjazie takwimu za kubuni, lakini usimhukumu kama mtu aliyechelewa kwa hiari yake. Roger Staubach, aliyeanza akiwa na miaka 27 kwa sababu ya utumishi wake katika jeshi la majini, hupewa huruma hiyo bila mjadala, na sioni kwa nini Moon anyimwe.

Mkishayakubali haya, kila mbishani aandike majina kumi na, mbele ya kila jina, mwaka wake bora na umbali aliomwacha wa pili. Orodha nzuri ya kuanzia ni makwotabeki kumi ambao NFL iliwatangaza mwaka 2019 ilipoadhimisha msimu wake wa mia moja: Baugh, Graham, Unitas, Staubach, Montana, Marino, Elway, Favre, Manning na Brady. Jina litakalowasumbua zaidi ni Otto Graham wa Cleveland Browns. Alicheza misimu kumi, kuanzia 1946 hadi 1955, akafika fainali zote kumi na kushinda saba, nne kati yake katika ligi shindani ya AAFC iliyokufa mwaka 1949. Wanaodharau hizo nne husahau kwamba Browns walihamia NFL mwaka 1950 na kutwaa ubingwa mwaka huohuo. Katika orodha yangu Brady ni wa kwanza, Unitas wa pili na Manning wa tatu. Graham nimemweka wa nne, kisha mara mbili nimempandisha juu ya Manning na kumrudisha.